Kumchagulia kijana nduthi ya saizi ya kati ya kupanda milima

Kijana wa dadangu anakaa Londiani, ako na miaka 15, na amekuwa akiendesha kapikipiki kadogo ka cc 50 (cc ni ukubwa wa enjini) kwa shamba tangu akiwa darasa la nne. Disemba nilienda kule nikamkuta magoti yanagonga usukani, kanduthi kenyewe kanalia kwa kilima kama mbuzi amefungwa vibaya, halafu ananiambia anko sasa nataka ya watu wakubwa. Ya watu wakubwa kwake ni cc 250. Nikamwambia ngoja kwanza. Sikuwa namkatalia, ni vile hayo makosa nishayafanya na kijana wangu mwenyewe na niliyalipia.

Kununua ya mtoto mdogo ni rahisi, na mtu mzima anajichagulia mwenyewe. Huyu wa kati ya miaka 13 na 17 ndiye kichwa kinauma, kwa sababu mwili unabadilika kila likizo, Aprili mnatoshana kwa bega, Agosti anakuangalia kutoka juu, nguvu za mikono bado hazijafika lakini roho ilifika kitambo sana. Na kama mnakaa huku kwetu, Molo, Kuresoi, Mau Narok, Subukia, Nandi, Tinderet, ama kule Nyakach juu, hakuna tambarare ya kujifunzia. Akitoka kwa geti ni kupanda ama kushuka, na kwa mvua ni kuteleza.

Kwa hivyo usianze na cc. Wazazi wengi wanaanza na cc halafu wanaenda kwa bei halafu rangi. Mi naanza na swali moja tu: ikianguka katikati ya mlima na hakuna mtu karibu, ataiinua peke yake na aiwashe peke yake? Kama jibu ni hapana hiyo nduthi si yake bado, hata kama ni ya bure.

Nilijifunza hivi. Kijana wangu alipofika 16 nilimnunulia cc 250 ya mtumba, ya enduro, zile ndefu za njia mbaya, kilo karibu 130, kiti kinanifika mimi mwenyewe kiunoni. Muuzaji aliniambia atakua ndani yake, na mimi nikaona ni akili, kama vile tunanunua sweta ya shule. Wiki ya pili akaenda nayo kwa njia ya ng'ombe huko Subukia, katikati ya mlima ng'ombe wakavuka, akasimama, akaweka mguu wa kulia chini na kulia hakukuwa na chini. Ikamlalia. Akajaribu kuiinua mara tatu ikashinda, petroli inamwagika, paipu ya moshi ikamchoma nyama ya mguu alama iko mpaka leo, akatembea kilomita sita kurudi nyumbani na tukaenda kuitoa saa mbili usiku na vijana wawili wa boda na tochi za simu. Baada ya hapo hakuigusa miezi mitatu. Kuungua kulipona haraka, woga ndio ulikaa, na nduthi ilibaki kwa stoo ikikaliwa na kuku.

Sasa tuanze na miguu. Msimamishe kijana ukutani bila viatu, mpe kitabu cha hesabu kile kinene akiweke katikati ya miguu akivute juu mpaka kikaze, halafu upime kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Huyu wa Londiani alikuwa sentimita 77. Buti itamwongeza mbili ama tatu, na akikaa shoki zinashuka kidogo kwa uzito wake, kwa hivyo kiti kilichoandikwa 80 anaweka miguu yote chini bila kuhangaika. Kiti cha 84 anagusa na mbele ya nyayo. Cha 87 ni mguu mmoja na maombi.

Watu wa tambarare watakwambia kugusa na vidole inatosha, na kwao ni kweli, mtu wa Ahero anaweza kusimama popote. Lakini huku ukisimama kwa njia inayokata kilima kwa upande, ardhi ya upande wa juu iko karibu na goti na ya upande wa chini imeenda, mguu wa chini unataka sentimita tano hata kumi zaidi. Ndio maana kwa mlima mi natoa pale wengine wanaongeza: chukua kiti chenye anafika nyayo nzima kwa sakafu iliyonyooka, kwa sababu kilima kitaila hiyo akiba. Na usiogope eti atakua haraka. Kuinua kiti ni kazi ya mtu wa kushona viti, anaongeza foamu asubuhi na jioni unachukua. Kukata foamu pia anakata, lakini ukikata sana kijana anakalia chuma na baada ya saa moja hataki kurudi.

Halafu uzito. Hapa ndio namba za brosha zinadanganya kidogo, nyingine wanapima bila petroli na nyingine na petroli, uliza. Honda CRF125F ile ya matairi makubwa ni kilo 90 hivi na kiti ni kama 78 na nusu. Yamaha TT-R125LE ni kilo 90 pia, kiti 80 na nusu. Kawasaki KLX140 iko na saizi tatu za kiti, 78, 80 na 86, ile ya katikati ndio wengi wa umri huu wanatoshea. Ukipanda kwa CRF230F unaenda kilo 113 na kiti cha 87, hapo ushaingia kwa mtu mzima mfupi. Upande wa zile za barabarani, Yamaha XTZ125 kiti ni 84, na Honda XR150L ni kama 83 na kilo 128. Kijana wa kilo 50 akiinua ya 90 kwa matope anahema lakini anainua. Ya 128 anainua siku ya kwanza, ya pili anainua, ikianguka mara ya tano siku hiyo hiyo haiinui, na kwa mlima mara ya tano inakuja kabla ya lunch.

Kwa hivyo jaribio ni hili na ulifanye kabla hujatoa shilingi. Ilaze chini polepole kwa nyasi, wewe na muuzaji mkishika, tapu ya petroli ikiwa imefungwa, mwambie kijana ainue. Muuzaji atakasirika kidogo, achana naye. Lakini kwanza mfundishe kijana kuinua, maana wengi wanavuta na mikono kama wanavuta ng'ombe kwa shimo. Anaigeuzia mgongo, makalio yanagusa ukingo wa kiti, mkono mmoja kwa usukani uliokunjwa na mwingine kwa chuma cha nyuma, anachuchumaa halafu anasukuma na miguu akirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Kwa mlima kuna nyongeza: kama imelala na kiti kinaangalia chini ya kilima usijaribu hata kidogo, izungushe kwanza kwa kuivuta na gurudumu la nyuma ama la mbele mpaka magurudumu ndio yanaangalia bonde na kiti kiko upande wa juu. Hapo kilima chenyewe kishaiinua nusu. Na iwe ndani ya gia ndio isikimbie ikisimama. Nilimfundisha huyu wa Londiani hii kitu kwa dakika kumi na aliinua XR ya jirani ambayo asubuhi ilikuwa imemshinda.

Enjini sasa. Kuna swali la tustroki na fostroki (tustroki inaunguza petroli kila mzunguko wa enjini, fostroki kila mzunguko wa pili), na hapa mi niko na upande, nasema mapema. Kwa kijana wa mlimani, fostroki yenye kupoa kwa hewa, basi. Zile tustroki za motokrosi kama YZ85 ni nyepesi sana, kilo sabini na kitu, na ukimwona kijana wa Jamhuri Park Nairobi akiruka nayo unatamani. Lakini hiyo enjini chini haina kitu, unapanda unapanda imelala, halafu ikifika juu ya mzunguko inaamka yote mara moja, na kama imeamka kwa udongo mwekundu ulionyeshewa gurudumu la nyuma linaenda kwake na kijana anaenda kwake. Kiti pia ni 86, watu wanaiona ni ya watoto kwa sababu ya cc. Inataka uchanganye oili na petroli mwenyewe, kama mililita 156 za oili kwa lita tano za petroli ukienda na 32 kwa moja, na kijana akisahau siku moja pistoni inashika. Halafu pistoni na ringi ni za kubadilishwa kwa masaa, si kwa miaka.

Sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii ni kushuka. Huku kwetu kila kupanda kuko na kushuka kwake. Ukitoka Nandi Hills ukiteremka kuelekea Chemelil, ama Iten kushuka Tambach, unaachilia mkono wa petroli na fostroki inakushika, enjini yenyewe ni breki. Tustroki haikushiki hivyo, inateleza tu, breki ndio zinabeba kazi yote, na kwa zile za kuchanganya oili kumbuka oili inakuja na petroli, ukifunga petroli mteremko mrefu hata oili umeifunga. Zile za zamani kama Yamaha AG100 na DT125 ziko na tenki yake ya oili na ni pole, AG100 hasa, ni tustroki lakini ina tabia ya punda, imebeba maafisa wa kilimo kwa hizi milima miaka mingi. Ukipata AG100 safi ya mnada, usiipite. Shida ni kwamba safi ni chache, nyingi ziko na rangi mpya na enjini ya babu.

Sasa mtu ataniuliza, na Boxer, ile ya watu wa boda? Si kila fundi anaijua, spea ziko mpaka kwa duka la unga. Ni kweli, na mi sidharau, spea ni nusu ya nduthi. Nduthi ya kijana itaanguka, itavunja mkono wa klachi, itakunja mguu wa gia, na kama kitu cha shilingi mia chache lazima kiagizwe Nairobi na kingoje basi, likizo imeisha. Lakini Boxer imejengwa kubeba watu na magunia, shoki fupi, tumbo liko chini linagonga mawe, kijana akisimama kwa futresti usukani uko mbali chini anainama kama anatafuta pesa. Kwa barabara ya murram ni sawa. Kwa njia ya msitu ya Mau hapana. Mi ningechukua XTZ ama XR kabla ya Boxer kama kijana ameshafika uzito, na CRF125F ama TT-R kama bado. Huyu wa Londiani ana kilo 51 kwa hivyo tulitafuta TT-R125, na kabla sijampa dadangu jibu nilipiga simu kwa maduka mawili ya spea Nakuru nikauliza klachi, cheni na mkono wa breki. Fanya hivyo pia, ukiambiwa tutakuagizia na maduka yote, jua unanunua shida.

Tukija kwa urefu kutoka bahari. Kisumu iko mita 1,131. Nakuru ni 1,850 hivi. Timboroa kule reli inapita ni zaidi ya 2,700. Hewa inapungua ukipanda na enjini ya kawaida inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita elfu, kwa hivyo ile cc 125 ulijaribu Kondele pale Kisumu ikaruka vizuri, Timboroa imebaki na kama robo tatu ya nguvu ya brosha. Hapo ndio mzazi anasema heri ningechukua 250. Usikimbilie huko, kuna dawa mbili za bei rahisi kabla ya kuongeza cc.

Ya kwanza ni kabureta, kile kifaa kinachanganya petroli na hewa. Nduthi iliyopangwa kwa ziwa ukiileta mlimani inakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayopata, inakohoa, moshi mweusi, toa plagi utaikuta na masizi kama sufuria ya githeri. Mwambie fundi atoe ile jeti kuu, tundu la kupitisha petroli, aweke yenye namba ndogo kwa hatua moja ama mbili, na kama sindano iko na mitaro ahamishe klipu juu mtaro mmoja ndio sindano ishuke. Nyingine sindano haina mitaro, hapo ni jeti tu na skrubu ya hewa. Plagi nzuri inakuwa rangi ya biskuti. Hizo jeti za zamani usitupe, zifunge kwa karatasi uziweke kwa droo, maana siku kijana akienda nayo kwa shangazi Kisumu bila kurudisha, sasa itakuwa inakosa petroli, inapata joto na hiyo ndio inaua pistoni. Zenye injeksheni kama CRF125F za kuanzia 2019 zinajipanga zenyewe, lakini betri ikikufa kabisa huwezi kuisukuma ikawaka, ya kabureta unaiteremsha kilima na gia ya pili unaachilia klachi inawaka. Kwa mtu wa mlimani hiyo si kitu kidogo.

Ya pili ni sproketi, zile gurudumu za meno zinazovuta cheni. Hii ndio pesa ndogo yenye kuleta tofauti kubwa kuliko zote na watu hawaitumii. Tuseme mbele iko na meno 15 na nyuma 42, ukigawanya ni 2.8. Ukiweka 14 mbele umepata 3.0. Ama uache mbele ukaweka 45 nyuma, ni 3.0 ile ile, yaani jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Nduthi inapanda kwa gia ya pili pale ilikuwa inataka ya kwanza, na enjini haizimi kijana akipunguza kwa kona. Kasi ya mwisho inapungua kidogo na hiyo kwa mzazi ni zawadi. Anza na ya mbele kwa sababu ni bei ya chini na cheni inabaki ile ile, ila usishuke meno mengi mbele, cheni inakunjwa kwa duara dogo sana inaisha haraka.

Tairi, haraka haraka. Zile za boda ni za lami na murram kavu. Weka za meno makubwa yaliyoachana ndio matope yatoke. Upepo wa boda unakuwa kama psi 28 kwenda juu, kwa njia ya matope shusha mpaka 15 hivi, usiende chini sana kwa sababu ya tyubu, jiwe litaibana na rimu ikatoboka sehemu mbili kama imeumwa na nyoka. Kabla ya kurudi lami jaza tena.

Breki: diski mbele ukiweza. Dramu kwa mteremko mrefu inapata joto inakuwa laini, kijana anakanyaga na hakuna kitu.

Kama ni mtumba, na nyingi zitakuwa mtumba, fika bila kuonyesha umefika. Gusa enjini kwanza kabla ya salamu kuisha. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha mapema na kuna kitu anaficha, kunywa chai ingoje ipoe, iwake baridi mbele yako. Moshi wa bluu ambao hauishi kwa fostroki ni oili inaungua. Inua mbele, zungusha usukani polepole, ukisikia unashika katikati beringi za shingo zimekwisha. Gonga spoki moja moja na bisibisi, inayolia tofauti imelegea. Angalia chuma cha fremu karibu na shingo na pale futresti zinashikilia, ukiona welding mpya chini ya rangi mpya rudi nyumbani, sijui nikuambie vipi tena, rudi nyumbani. Angalia shoki za mbele kama zinalia oili. Namba ya enjini na ya fremu zisomeke na ziwe sawa na logibuku, fanya sachi ya NTSA, wale wa kusajili magari, kwa eCitizen kabla ya kutuma hata deposit. Zile za motokrosi zilizoingizwa bila namba ni sawa kwa shamba lako tu, ukivuka barabara hata kwenda kwa jirani ushavunja sheria, na siku ya kuihamisha unatafuta pickup.

Na kwa sheria tuongee wazi, maana nimeona wazazi wanapeleka vijana wa form two shule na nduthi. Leseni ya Kenya A1 ni ya mopedi isiyozidi cc 50, kuanzia miaka 16. A2 ya pikipiki za kawaida ni kuanzia 18. A3 ya boda na kubeba vifurushi ni 21. Kwa hivyo kijana wa 15 mwenye 125 anaendesha ndani ya shamba na mahali pa watu binafsi waliomkubalia, si barabara ya umma, na bima inaweza kukataa kumlipa mtu aliyegongwa na mtoto asiye na leseni, ulipe wewe na shamba. Sisi Londiani tuliongea na majirani wawili wenye mashamba yanayopakana, tukakubaliana njia atakayopita, siku za mvua kubwa asipite kwa mmoja kwa sababu matairi yanamchimbia shamba mitaro ya maji. Walifurahi kuulizwa. Mmoja hata alitaka kijana wake aingie pia.

Pesa ya kofia itoke kwa hesabu ya nduthi, si kwa kile kitakachobaki, kwa sababu hakibaki. Tafuta yenye kitambaa cha ECE, alama ya usalama ya kofia, kimeshonwa kwa mkanda wa kidevu, ile herufi E ndani ya duara, stika tu ya nyuma mtu yeyote anachapisha. Imkaze mpaka mashavu yapande. Usimnunulie ya kukulia, kofia inayozunguka kichwani haifanyi kazi. Buti za ngozi zinazopita kifundo cha mguu zinapatikana mtumba, soko la Kibuye Kisumu siku ya Jumapili ukienda mapema unapata nzuri, gambuti hapana, inashika paipu inayeyuka na mguu ndani. Glavu, na kinga za magoti. Zile za kiwiko atazitoa baada ya siku tatu, pigana naye kwa za magoti.

Wiki za kwanza mwachie gia tatu tu. Fundi anaweza kukuwekea kizuizi kwa mkono wa petroli usifunguke wote, nyingine zimekuja na skrubu yake hapo kwa mkono, ni dakika moja na bisibisi. Nilimwekea nusu. Alilalamika mpaka kwa nyanyake. Mwezi wa pili nikafungua kidogo, na hakuna siku nilimwambia nimefungua, aliniambia mwenyewe anko hii kitu imepata nguvu, nikamwambia ni jeti.

Vumbi la huku si la mchezo, hasa ukienda upande wa Menengai ambapo ni jivu la volkano, laini kama unga wa ngano, linaingia kila mahali. Filta ya hewa ya foamu ioshwe kila baada ya siku mbili tatu za kuendesha kiangazi, kwa sabuni si petroli, ikauke kabisa halafu ipakwe oili yake. Mfundishe kijana afanye mwenyewe. Cheni pia, na kukaza bolti za sproketi baada ya safari mbili za kwanza, zile tulizobadilisha zinalegea zikiwa mpya na siku zikitoka zinatoka kwa mlima.

Petroli mnunulie kwa mtungi, lita tano kwa wiki ya likizo, ikiisha imeisha. Na funguo ya pili ikae kwako.